Kinachotangulia Ugali: Historia ya Vitafunio vya Mpanda na Nchi ya Katavi

Katika nchi ya Katavi ugali ni chakula cha wenye nyumba, na aghalabu hauulizwi asili yake wala haupambwi. Lakini kile kidogo kinachowekwa mbele ya mgeni wakati chungu kingali jikoni, karanga zilizochemshwa na maganda yake, asali katika kibakuli, muhogo uliotolewa majivuni ukapanguswa kwa kiganja, hicho ni chakula cha ugeni, na kwa kuwa ni cha ugeni kimepokea alama ya kila kaumu iliyofika katika nchi hii, iwe kwa miguu, kwa mtumbwi, au kwa gari la moshi. Mtu atakaye kujua ni akina nani waliopita Mpanda, na ni akina nani waliobaki, na atazame kwanza kinachotangulia mlo, ndipo autazame mlo wenyewe.

Mkoa wa Katavi kwa jina lake ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 pamoja na Geita, Njombe na Simiyu, baada ya Mpanda kuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, na kabla ya hapo kuwa chini ya Tabora. Walakini nchi yenyewe ni kongwe. Magharibi imepakana na Ziwa Tanganyika, kusini inateremka kuelekea Bonde la Rukwa, kaskazini inaukuta mto Ugalla, na katikati yake umetanda msitu wa miombo ambao zamani msafiri aliweza kutembea ndani yake siku nyingi asione moshi wa kijiji. Humo waliishi Wakonongo, Wapimbwe na Wabende, na Wafipa wakawa jirani zao wa kusini. Mwenye amri kubwa katika msitu huo alikuwa ndorobo, inzi mdogo aletaye malale kwa watu na nagana kwa mifugo, ambaye kwa sababu yake ng'ombe hawakuweza kukaa, na pasipo ng'ombe hapakuwa na maziwa ya kumkaribishia mgeni wala samli ya kulainishia chakula. Utamu na mafuta vilitafutwa kwingine: utamu kwa nyuki, mafuta kwa njugu. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika katika habari hii, maana mengi yaliyofuata yalijengwa juu yake.

Asali basi ndiyo mzee wa vitangulizi vyote vya Katavi. Mrina asali wa Ukonongo, hasa wa upande wa Inyonga, alijua miti kama karani ajuavyo daftari lake: alijua mtundu na muba, ambayo maua yake ndiyo malisho makubwa ya nyuki wa miombo, na alijua ni gome la mti gani linalovuliwa likiwa zima ili lishonwe kuwa mzinga. Mvua zilipokatika kuelekea mwezi wa Mei, wanaume walifunga safari kwenda makambini msituni, wakakaa huko majuma kwa majuma, wakipanda miti usiku kwa moshi, wakiteremsha masega katika magome na vibuyu. Mzinga wa magome una ubaya wake, kwa kuwa mti uliovuliwa gome lake kwa mviringo hufa, na wenye busara miongoni mwa warinaji wa siku zetu wamekwisha kuhimizana kutumia mizinga ya mbao. Lakini haifai kuwahukumu wazee waliofanya kazi hiyo wakati msitu ulipokuwa mpana na watu wachache.

Asali iliyorudi nyumbani iligawanywa kwa adabu yake. Iliyo safi ya rangi ya dhahabu iliwekwa kando, nyeusi na nzito ikaingia katika pombe ya wanzuki, na ile kidogo iliyo nyepesi na chachu, ya nyuki wadogo wasiouma, ikahifadhiwa kuwa dawa ya kifua na ya watoto. Mgeni aliyefika kabla ya chakula hakuchotewa asali iliyochujwa. Alipewa kipande cha sega, akatafuna, akafyonza, akatema nta, na nta ile haikutupwa, kwani ilikuwa mali. Tangu zama za Wadachi nta ya Tanganyika ilikuwa ikivuka bahari kwenda Ulaya, na msitu wa Unyamwezi na Ukonongo ulitoa sehemu kubwa ya nta hiyo. Asali pia ilichovywa kwa kiazi kitamu cha moto au kwa muhogo wa kuchemsha, au ikachanganywa na karanga zilizopondwa kinuni, mchanganyiko ambao mimi nauhesabu kuwa kitafunio bora katika nchi nzima ya magharibi, wala sijakutana na cha mjini kinachoufikia.

Palikuwa na chachu pia, maana hamu ya chakula huamshwa na chachu kuliko kitu kingine chochote. Karibu na Ziwa Katavi, ambalo leo limo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974, umesimama mkwaju ambao kwa imani ya wenyeji ndimo inamokaa roho ya Katabi, mwindaji wa kale aliyeipa nchi jina. Na watu wamezoea kuacha tunu zao chini ya mti huo kuomba heri kabla ya safari ya mawindo. Ukwaju wenyewe, ukilowekwa katika maji ya baridi na kuchujwa, ni kinywaji cha kukaribisha mgeni aliyetoka juani. Fauka ya ukwaju msitu ulitoa matunda mengine, furu nyeusi, matonga yenye ganda gumu, na uyoga wa mvua za kwanza unaochipuka juu ya vichuguu na kubanikwa makaani pamoja na chumvi. Kumbikumbi wa usiku wa mvua hiyo hiyo walikusanywa kwa mwanga wa moto, wakakaangwa bila mafuta, maana wanayo yao wenyewe.

Matunda hayo yalimwokoa mtu mashuhuri. Mwishoni mwa mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone, aliikwepa njia ya kawaida ya Ujiji kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo, akazunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi, yaani katika nchi ambayo sasa ni Katavi. Na akiba ya chakula ilipowaishia wapagazi wake, walisukuma siku kwa matunda ya porini, hasa lile aliloliandika kwa jina la mbembu. Miezi michache tu kabla ya hapo, Juni 1871, alipowasili Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, alikuwa ameletewa na Waarabu masinia ya wali na kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, vitu vya unga vilivyokaangwa vikiwa moto, mapapai, makomamanga na malimau. Baina ya masinia hayo na mbembu wa Ukawendi pana mwendo wa majuma machache tu kwa miguu, na hapo tunaona dhahiri namna ulivyokuwa mpaka wa ustaarabu wa pwani katika bara kwa wakati ule: ulifika Tabora ukatulia, ukateremka Ujiji kwa njia ya Malagarasi, na Ukonongo ukabaki pembeni.

Ustaarabu huo wa meza ulikuwa na umri mkubwa. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla hajaendelea na safari yake kwenda Mombasa na Kilwa, alipokelewa kwanza kwa tambuu na popoo. Na chakula kilipoandaliwa, wali wa samli juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, aliona wenyeji wakila tonge la wali kisha wakifuatiliza ndimu za achari, pilipili za vichala zilizotiwa chumvi na siki, tangawizi mbichi na maembe. Huo ndio utaratibu wa pwani hata leo: kikali na kichachu hakitangulii peke yake kikaondoka, bali hukaa na chakula mpaka mwisho. Misafara ya pembe ilipopanda bara katika karne ya 19, na majumba ya Kazeh, yaani Tabora, ambako Richard Burton alipokelewa mwaka 1857, yakawa na kahawa na viungo vilivyobebwa kutoka bahari, achari na pilipili zilisafiri nazo. Mkonongo hakuhitaji achari alipokuwa na ukwaju. Lakini pilipili aliipokea, akaipanda nyuma ya nyumba, na hapo ikakutana na kitu kingine kilichotoka mbali.

Kitu hicho ni karanga. Waafrika wa nchi hizi walikuwa na njugu mawe tangu dahari, nazo zilichemshwa na kuliwa kama zinavyoliwa sasa. Karanga zilivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini kwa merikebu za Wareno, pamoja na mahindi na muhogo, zikapenya bara kidogo kidogo kwa mikono ya wapagazi na wakulima, na kwa nchi isiyo na samli zilikuwa neema: mafuta yanayopandwa shambani. Kilichobaki ni chumvi, na chumvi ilikuwa karibu. Chemchemi za Uvinza, kaskazini ya msitu wa Mpanda, zilikuwa zikichemshwa na watu tangu takriban karne ya 5 au ya 6, kama wachimbuzi wa mambo ya kale walivyothibitisha, na chumvi yake ilitembea mabegani mwa watu mpaka nchi za mbali. Karanga mbichi zilizochimbuliwa mwezi wa Aprili, zikachemshwa na maganda katika maji ya chumvi ya Uvinza, zikamwagwa moto moto katika ungo baina ya watu walioketi mkekani: hiki ndicho kitangulizi cha nyumba nyingi za Katavi mpaka leo. Mpishi hasemi kitu, wala hakuna anayesema karibu. Mikono inajua njia.

Upande wa ziwa habari ilikuwa nyingine. Karema, bandari ya Wabende, ilipata ngome ya Wabelgiji mwaka 1879, waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold. Mwaka 1885 ngome hiyo ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, nayo ikawa misheni yenye shule, bustani na hospitali ambayo Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ya Mali aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa udaktari huko Malta, aliitumikia kwa zaidi ya nusu karne hata alipofariki mwaka 1956. Wasomaji wengi wanazijua habari hizo za dini na tiba. Zisizosimuliwa mara nyingi ni habari za dagaa, ambao walilisha ngome, misheni na kijiji pia.

Dagaa wa Tanganyika ni wadogo, weupe, na hupenda nuru. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, wavuvi walitoka katika mitumbwi wakiwa na mafungu ya kuni na majani makavu yanayowaka mbele ya chombo, na samaki walipokusanyika chini ya mwanga walichotwa kwa lusenga, wavu wenye mpini unaozamishwa na kuinuliwa kwa nguvu za mikono. Baadaye karabai ilichukua nafasi ya kuni, na mitumbwi ikafungwa miwili miwili na wavu mkubwa kati yake. Lakini sheria ya kazi ilibaki ile ile, kwamba usiku wa mbalamwezi hakuna uvuvi. Asubuhi dagaa walianikwa juu ya mchanga na changarawe za pwani, na siku moja ya jua kali iliwatosha. Samaki wa namna hii hawaozi njiani, kwa hiyo ndio waliopanda kutoka ziwani mpaka Mpanda, zaidi ya kilomita 100, vichwani mwa watu na baadaye kwa baiskeli na malori, wakati kuhe na sangala wabichi walilazimika kuliwa walikovuliwa. Dagaa waliokaushwa wakakaangwa mpaka wakawa wakavu kabisa, wakanyunyiziwa ndimu na pilipili ya kusaga, huliwa mmoja mmoja na vichwa vyao, na mtu akianza hana budi kuendelea.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, ikiogopa malale, iliwakusanya watu wa misitu hii katika makao makubwa, wakaacha vijiji vyao vya kale na kuhamia sehemu zilizofyekwa. Maradhi yalipungua, na hilo ni jema. Lakini warinaji walitengwa na miti ya baba zao, na nyumba nyingi zilizokuwa na masega mwaka mzima zikaanza kuyapata kwa msimu tu. Naamini kwamba hapo ndipo asali ilipoanza kuwa bidhaa ya kuuzwa kuliko kuwa hiba ya mgeni.

Mwaka 1934 risasi iligunduliwa katika vilima vya Mpanda, pamoja na fedha, shaba na dhahabu, na baada ya vita kuu ya pili kampuni ya Uruwira Minerals ikafungua machimbo makubwa. Madini mazito hayabebwi kichwani. Kwa ajili yake reli ilichepushwa kutoka Kaliua, kwenye reli ya kati iliyojengwa na Wadachi, ikapita msituni kilomita 210, ikavuka mto Ugalla na kufika Mpanda takriban mwaka 1950. Watu waliofika kwa gari hilo walikuwa wa kila namna: makarani, mafundi wa mitambo, wachimbaji kutoka kila jimbo, wenye maduka wa Kihindi na wa Kiarabu, na wapishi waliowafuata wote hao. Mji wa Mpanda ulizaliwa kwa namna hiyo, na ndiyo maana vitafunio vyake vya mjini ni vya reli, wakati vya vijijini ni vya msitu na ziwa.

Upande wa pili wa reli hiyo hiyo, huko Urambo, jirani ya Kaliua, Waingereza walikuwa wakifanya jambo ambalo lazima litajwe hapa. Kuanzia mwaka 1947 walifyeka misitu ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili wapande karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, wapate mafuta ya kulisha watu wao waliokuwa na dhiki baada ya vita. Matrekta yalivunjika juu ya visiki vya miombo, mvua haikuja kwa hesabu yao, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu wakati wa mavuno, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Mkulima wa kike wa Ukonongo alikuwa akipanda karanga hizo hizo kwa jembe la mkono, katika tuta alilolijua, akizivuna, akila, akiuza ziada. Sisemi hivi kwa kumcheka mtu. Watu wengi walitumikia mpango ule kwa bidii na imani. Nasema kwa kuwa karanga zilizo katika ungo wa Mpanda zina historia ambayo wakubwa wa London hawakuiuliza.

Reli ilileta sambusa. Chakula hiki ni msafiri mkongwe: kimeelezwa katika kitabu cha upishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, na Ibn Battuta huyo huyo alikikuta katika meza ya sultani wa Delhi, kikashuka pwani yetu kwa biashara ya bahari na kwa mikono ya Wahindi na Waarabu, kikatulia Unguja na Mombasa, kisha kikapanda reli. Mapishi yake yanadai vitu ambavyo msitu wa Mpanda haukuwa navyo: unga wa ngano wa kutengeneza manda, mafuta mengi ya kukaangia, kima ya nyama, bizari na pilipili manga. Vyote vilishushwa stesheni. Fundi wa sambusa alikunja manda pembe tatu, akaziba kwa ujiuji wa unga, akazitumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka, na nyama ilipokosekana alitia viazi mviringo kutoka nyanda za Ufipa. Bagia za dengu zilifuata, na kababu, na katlesi. Na sinia la vitu hivi, likiwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe dhidi ya inzi, likawa sehemu ya stesheni kama kengele yake.

Gari la moshi lilileta pia utaratibu mwingine. Katika mabehewa ya chakula ya East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa mwaka 1948, abiria wa daraja la juu aliwekewa supu kwanza, kisha samaki, kisha nyama, kwa desturi ya Kiingereza. Abiria wa daraja la tatu alinunua dirishani: karanga katika vifurushi vya karatasi, mayai ya kuchemsha na chumvi yake, mahindi ya kuchoma, miwa, asali katika chupa. Supu ya Waingereza ilikuwa ya kufungulia mlo wa jioni; Mtanzania aliichukua akaifanya ya kufungulia siku, na leo supu ya mbuzi au ya makongoro, pamoja na ndimu, pilipili na chapati, huliwa Mpanda saa moja ya asubuhi na dereva, mwalimu na mchimba dhahabu, kabla kazi haijaanza. Napenda mageuzi haya. Yanaonyesha kwamba watu huchukua kitu wakakiweka mahali panapowafaa.

Machimbo ya risasi yalifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, na wengi waliondoka kama walivyokuja. Reli ilibaki, na waliobaki nayo walikuwa na misikiti na makanisa yao. Katika mwezi wa Ramadhani ndipo utaratibu wa kitangulizi unapoonekana katika ukamilifu wake, kwa sababu njaa ya siku nzima haitaki kushtuliwa kwa chakula kizito. Adhana ya magharibi inapolia mfungaji huanza kwa tende na maji, kisha uji mwepesi wenye pilipili manga, kisha sambusa moja au bagia, kisha huinuka kusali; na baada ya sala ndipo futari yenyewe inapoandaliwa, muhogo au magimbi au ndizi za nazi. Majirani Wakristo wa mitaa ya Kashaulili na Makanyagio hupelekewa sahani zao, nao hurudisha sahani hizo zikiwa na kitu ndani yake, kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu.

Mwaka 1972 damu ilimwagika Burundi, na maelfu kwa maelfu ya watu wakavuka mpaka. Serikali ya Tanzania iliwapa ardhi katika msitu wa Mpanda: Katumba, kandokando ya reli, mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu walikabidhiwa vyeti vya uraia. Walifyeka msitu kwa juhudi iliyowastaajabisha wenyeji, wakapanda muhogo, maharage na karanga, na stesheni ya Katumba ikawa soko. Muhogo wa kuchoma unaouzwa jioni katika vijia vya Mpanda, ukipasuliwa katikati na kupakwa chumvi na pilipili, kwa sehemu kubwa umetoka katika jasho lao. Watu waliofika mikono mitupu wamekuwa wakiwalisha wenyeji wao kabla ya mlo kwa miaka hamsini.

Baada yao, na pengine sambamba nao, Wasukuma walishuka kutoka kaskazini na mifugo yao, misitu ilipokwisha kufyekwa na ndorobo kurudi nyuma. Kwa mara ya kwanza nchi ya asali ikawa nchi ya ng'ombe pia. Walileta maziwa ya mgando, walileta michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ama vibichi ama baada ya kuchemshwa, ambavyo hukaa mwaka mzima bila kuharibika na huliwa pamoja na karanga au maziwa. Walileta pia, kwa wingi wa ng'ombe wao, mishikaki. Kijana wa Mpanda anayenunua mishikaki jioni, minofu midogo iliyolowekwa katika vitunguu saumu, tangawizi na ndimu kisha ikachomwa juu ya mkaa, pengine hudhani kwamba ndiyo iliyokuwapo siku zote. Kumbe babu yake hakuwahi kumwona ng'ombe isipokuwa safarini.

Ilikuja miaka ya dhiki, baada ya vita vya Kagera mpaka katikati ya miaka ya 1980, unga wa ngano, sukari na mafuta vilipokuwa adimu hata sinia la sambusa likaondoka stesheni. Hapo msitu ulirudi mezani. Asali ilitiwa katika chai, muhogo na viazi vikashika nafasi ya maandazi, na wanawake waliokuja kuitwa mamantilie wakaweka majiko yao chini ya miti na kando ya barabara, wakilisha mji kwa vile vilivyopatikana. Bidhaa zilipofunguliwa tena sambusa zilirejea, na chipsi zikaja pamoja nazo. Lakini majiko ya akina mama hawa hayakuondoka, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyohifadhi ladha ya Katavi wakati hoteli zilipokuwa zikitafuta ladha za miji mingine.

Mpanda ya leo ina manispaa na kata nzima iitwayo Mpanda Hotel, ina barabara za lami za kwenda Sumbawanga na Tabora, na Karema ina bandari mpya inayotazama Kongo. Inyonga na Mlele wameendelea na asali, na Mizengo Pinda, mwana wa Mpimbwe aliyekuwa Waziri Mkuu kutoka 2008 hadi 2015, aliuhimiza ufugaji wa nyuki waziwazi nchini kote. Hata hivyo asali hii inasafiri katika ndoo kwenda Dar es Salaam na ng'ambo, ilhali mgeni anayelala Mpanda huketi mezani akasubiri chakula chake akiwa na chupa ya nyanya ya kiwandani mbele yake. Jambo hili linaniuma. Wenye hoteli wangeweza kumwandalia mgeni wao, wakati nyama ingali motoni, sahani moja yenye kipande cha sega la Inyonga, karanga za kuchemsha, matobolwa machache, na dagaa wa Karema waliokaangwa wakakatiwa ndimu. Gharama yake ni ndogo, upishi wake wanaujua tangu utoto, na wauzaji wa vitu hivyo vyote wapo sokoni tangu alfajiri.